Sauti Yangu Ndiyo Iliyomsaka Mke Wangu

Kama hukusoma wiki iliyopita, usihangaike kutafuta gazeti ambalo huenda limeshafungia misumari dukani. Nitakupa yaliyopita kwa ufupi, maana ya leo ni mazito na nataka niyatoe kifuani nikiwa bado na ujasiri.

Mimi ni mtangazaji wa televisheni. Si yule anayeonekana na tai. Mimi ni sauti inayosikika nyuma ya picha. Miaka minane nilisoma habari za nje, nikaishi kwa raha zangu. Kisha katika nchi moja ya ng'ambo watu wakaingia barabarani kuipinga serikali yao, nami nikawaandikia maneno matamu hadi mkurugenzi akaja kunipa mkono mbele ya wenzangu.

Mwezi mmoja baadaye watu wa hapa kwetu nao wakaingia barabarani. Sababu yao ilikuwa moja tu: zahanati hazina dawa. Asubuhi ya siku iliyofuata msomaji wa habari za ndani akaugua ghafla, ugonjwa ambao mpaka leo hatujaambiwa jina lake, nikasukumwa kwenye kiti chake.

Nikaandika neno "wahuni". Nikalisoma kwa sauti safi kabisa, kwenye taarifa ya asubuhi.

Halafu wakaniletea picha ya kuandikia maneno kwa ajili ya taarifa ya mchana. Mwanamke amepiga magoti katikati ya barabara, uso umefunikwa kwa kitambaa hadi chini ya macho, aproni ya kijani, mikono miwili imembana paji la uso mzee mmoja aliyelala chali. Macho hayakuonekana vizuri. Lakini mimi mgongo ule nimeutazama miaka kumi na moja, ukiinama juu ya beseni, ukiinama juu ya vitanda vya watoto. Alikuwa mke wangu.

Hapo ndipo nilipoishia.

Sasa endelea nami.

Bosi, yaani mhariri mkuu wetu, alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu. Pembeni yake walisimama wageni wawili waliokuja bila kadi wala salamu nyingi. Mmoja alikuwa mfupi, shingo nene, mtafuna kijiti. Mwingine alikuwa na sauti ya chini, ya upole, kama mtu anayeongea ndani ya chumba cha mgonjwa. Moyoni nikawapa majina: Mfupi na Mpole. Niliyemwogopa zaidi ni Mpole.

"Hii ndiyo picha ya leo," Bosi akasema. "Iandikie."

"Niandike nini, bosi?"

"Wewe si fundi wa maneno? Picha kama hii ya kule ng'ambo uliiandikia nini?"

Nilikumbuka. Wote tulikumbuka. Mwanamke wa kule naye alipiga magoti, naye alimshika majeruhi. Fundi wetu wa sauti, tunayemwita Masikio, alijifuta machozi kwa mkono wa shati alipokuwa akinirekodi.

"Kule tulimwita malaika wa barabarani," nikasema.

Bosi akawatazama wageni, akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekanyagwa mguu na mkubwa wake.

"Kule ni kule," akasema.

Mpole akasogea. "Hata mimi yule nilimpenda. Nilimwita mke wangu aje amtazame. Lakini ndugu mtangazaji, ya kule sitaulizwa mimi kesho asubuhi. Ya hapa nitaulizwa. Andika."

Akanitajia maneno, neno kwa neno, kama mwalimu wa imla.

"Mwanamke huyu ni miongoni mwa waliokuwa wakiwahudumia na kuwaficha wahalifu. Anayemfahamu apige simu namba ifuatayo. Jina lake litahifadhiwa."

"Jina la mwanamke?" nikauliza kama mjinga.

"La anayepiga," Mpole akasema.

Nikaandika. Ndiyo, niliandika. Msiniulize kwa nini, maana nimejiuliza mwenyewe hadi nimechoka. Ningeweza kushika tumbo nikasema naumwa, kama mwenzangu. Ningeweza kusema simfahamu mtu huyu lakini neno hili sitalisoma. Vyote hivyo nilivifikiria baadaye. Wakati ule nilikuwa nafikiria kitu kimoja tu: wasigundue kwamba namfahamu.

Nikaingia kwenye chumba cha kurekodia. Masikio akaniinulia kidole nyuma ya kioo.

Nikasoma.

"Rudia," akasema. "Sauti inatetemeka."

Nikarudia.

"Rudia tena. Umemeza neno 'wahalifu'."

Mara ya tatu nilifumba macho, nikajikaza kisabuni, nikasoma kama ninavyosoma hali ya hewa.

"Hapo sawa." Kisha akainama kwenye kipaza sauti chake ili wale wa nje wasisikie. "Kaka, una nini leo? Unalia?"

"Mafua," nikasema.

Nilipotoka, Mpole alikuwa ananisubiri mlangoni. Akanishika bega.

"Sauti yako tunaipenda sana nyumbani. Una familia?"

"Nina mke na watoto pacha."

"Hongera. Mama anafanya kazi?"



"Hapana. Ana... anafanya kazi za nyumbani tu."

"Vizuri," Mpole akasema. "Mwanamke akitulia nyumbani, mji wote unatulia."

Tangazo likarushwa saa saba mchana, likarudiwa baada ya robo saa. Simu ya mke wangu ilikuwa imezimwa, kama inavyokuwa siku zote akiwa wodini. Nikamwambia Bosi nakwenda kununua dawa ya mafua. Nikashika pikipiki ya kukodi, nikamwambia dereva anipeleke nyumbani kwanza, kwa kuwa asubuhi ile mke wangu aliniambia huenda akatoka mapema.

Hakuwa ametoka. Niliyemkuta ni baba mkwe.

Mzee huyu anaishi nasi tangu afiwe na mkewe. Ni mwalimu mkuu mstaafu, mtu mwema, hana baya na mtu. Pacha wangu hawalali bila hadithi yake. Mwezi uliopita, watu wa ng'ambo walipokuwa wakiandamana, alihamishia kiti chake mbele ya televisheni na hakukiondoa siku tisa. Alikuwa akipiga mkono wa kiti kwa ngumi: "Msirudi nyuma, wanangu! Wapeni ukweli wao!" Watu ambao hajawahi kuwaona, lugha yao haijui, aliwaita wanangu. Siku mwanamke yule alipoonyeshwa akimfunga majeruhi, mzee alivua miwani akalia waziwazi mbele ya wajukuu.

Sasa nilimkuta amesimama katikati ya sebule, amevaa koti lake la sherehe, miwani iko juu ya paji la uso, simu sikioni. Anapiga kelele.

"Kijani! Nimesema kijani! Ee! Zahanati ya wazazi, ile ya mtaa wa chini, nyuma ya tangi la maji. Haya, haya. Nawasubiri."

Akakata simu, akaniona.

"Shikamoo, baba," nikasema. "Ulikuwa unaongea na nani?"

"Marahaba, mwanangu. Leo umesoma, tena umesoma hasa. Nimewapigia wale."

"Wale nani?"

"Si uliisoma namba mwenyewe? Nimeipiga. Aproni ile naijua, mama pacha anaianika pale kambani kila wiki. Nimewaambia kuna mhuni amejipenyeza kwenye zahanati ya binti yangu, atamharibia mtoto kazi na jina. Nikawaambia wasihangaike, wamuulize yeye mwenyewe, ni muuguzi wa muda mrefu pale, atawaonyesha mara moja."

Nikashika mlango. 

"Umewatajia jina lake?"

"Jina, zamu yake, kila kitu. Tena nikawaambia mkwe wangu ndiye mwenye sauti. Wamefurahi sana! Wanakuja kunichukua na gari, niwaelekeze njia."

Wasomaji wangu, hapo ndipo nilipopaswa kusema: baba, yule ni binti yako. Maneno hayo ni mafupi. Yalikuwa kwenye ncha ya ulimi. Lakini ningeyasema, neno la kwanza kutoka kwake lingekuwa: na wewe ulijua? Swali hilo ndilo lililonifunga mdomo. Nilimwogopa mzee wa watu, asiye na fimbo wala cheo, kuliko nilivyomwogopa Mfupi na shingo yake.

Badala yake nikazunguka mbuyu.

"Baba, mwezi uliopita ulimlilia yule mwanamke wa ng'ambo."

"Yule alikuwa na sababu. Serikali yao imeoza."

"Na hapa dawa hazipo. Wewe mwenyewe vidonge vyako vya presha umevikosa wiki ya ngapi hii?"

"Vitakuja." Akaanza kufunga vifungo vya koti. "Wale wa kule wameshazoea mambo hayo, wana utaratibu wao. Sisi tuna adabu. Mtu mzima kwenda kupiga magoti barabarani, watu wanamtazama! Mzazi wake akimwona, ataweka wapi uso?"

Nje gari likapiga honi mara mbili.

Nikapita mlango wa jikoni. Nikaruka ukuta wa jirani nikiwa na suruali ya kazi, nikachanika pajani, nikakimbia hadi kwenye pikipiki.

"Mtaa wa chini," nikamwambia dereva. "Kimbiza!"

"Kuna mgonjwa?"

"Yupo," nikasema.

Kwa kuwa gari halipiti vichochoro, tuliwatangulia. Zahanati ile mnaweza kuipita msiione: jengo la chini, kuta za rangi ya maziwa, benchi mbili ndefu za kusubiria, na televisheni ndogo iliyotundikwa juu karibu na dari. Wanawake wajawazito kama kumi walikuwa wamekaa.

"Habari zenu, mama zangu," nikasema nikihema.

Vichwa vyote viligeuka kwa pamoja. Mmoja akamgusa mwenzake kwa kiwiko.

"Ndiyo sauti yenyewe," akanong'ona.

Hakuna aliyeniitikia.

Mke wangu nilimkuta kwenye chumba cha vifaa, anachemsha mikasi na kupanga glovu. Hakugeuka.

"Nimekusikia," akasema. "Umesoma vizuri. Hukukosea hata herufi."

"Mama Pacha, ondoka. Pita mlango wa nyuma, sasa hivi."

"Niende wapi? Nina mama wawili wako kwenye uchungu, mmoja mtoto amekaa vibaya."

"Kwa nini ulinidanganya? Jana uliniambia unakwenda kazini."

"Nilikwenda kazini. Mtu anavuja damu, mimi ni muuguzi. Ulitaka nimwambie asubiri hadi afike ndani ya geti?"

"Baba amewapigia simu. Wanakuja."

Mikono yake ikasimama. Hapo ndipo alipogeuka.

"Baba? Baba yangu mimi?"

"Hakujua ni wewe. Aliiona aproni tu."

"Na wewe?" akauliza taratibu. "Ulijua ni mimi kabla hujasoma, au baada ya kusoma?"

Mvuke wa maji ya moto ulikuwa unapanda kati yetu. Ningeweza kudanganya. Siku ile nilikuwa nimeshadanganya mara nyingi, moja zaidi isingenishinda.

"Kabla," nikasema.

Akanitazama kama anayesoma kadi ya mgonjwa. Kisha akarudi kwenye glovu zake, akaanza kuzihesabu upya tangu ya kwanza, kwa kuwa alishapoteza hesabu.

"Bora umesema," akasema, na sauti yake haikuwa na hasira. Ningefurahi angenipiga kofi.

Breki zikalia nje.

Mpole na Mfupi waliingia. Mpole aliponiona alitabasamu, akaja moja kwa moja, akanishika bega palepale aliponishika asubuhi.

"Mtangazaji! Kumbe kazi za nyumbani siku hizi zinafanyiwa zahanati."

 Nikajifanya nakohoa.

Mkubwa wa zamu, mama mnene anayeheshimiwa hata na madaktari, akatoka wodini akiwa bado ameshika kitasa cha mlango. "Hapa kuna wazazi," akasema. "Ongeeni polepole."

"Hatutachukua muda, mama," Mpole akasema kwa adabu. "Waite wauguzi wako wote."

Wakapangwa kwenye ushoroba, wanne, migongo ukutani. Wote aproni za kijani. Mke wangu alikuwa wa tatu. Mpole akatoa simu yake, akaikuza ile picha kwa vidole viwili. Akamtazama wa kwanza, akaitazama picha. Wa pili. Akafika kwa mke wangu. Akakaa hapo.



"Wewe ndiye binti wa mwalimu," akasema.

"Ndiyo."

"Baba yako anakusifu sana. Anasema utatusaidia. Huyu ni nani?"

Mke wangu akaitazama picha yake mwenyewe. "Uso umefunikwa," akasema.

"Ndiyo taabu yetu hiyo." Mpole akasogeza picha kwa kidole, akashuka chini, chini zaidi. "Lakini mtu akipiga magoti, nyayo zinaonekana. Angalia hapa. Kiatu cha kahawia, kisigino cha kushoto kimepigwa kiraka cha raba nyeusi. Fundi wake hana macho. Haya, dada zangu, geukeni, inueni mguu wa kushoto."

Wakainua. Wote wanne walikuwa na ndala nyeupe za wodini.

"Viatu vya nje haviingii kwa wazazi," Mkubwa wa zamu akasema. "Ni sheria."

"Sheria nzuri. Viko wapi?"

 Rafu ya viatu ilikuwa mlangoni, kila mtu aliipita akiingia. Mfupi akaifuata, akatema kijiti chake, akaanza kugeuza kiatu kimoja kimoja na kukitupa sakafuni. Mimi nilikijua kile alichokuwa anakitafuta. Ni mimi niliyekipeleka kwa fundi. Ni mimi niliyesema nyeusi itafaa, nani atautazama unyayo.

Kiatu cha tano. Cha sita.

"Hiki hapa," Mfupi akasema.

Akakileta amekishika kwa vidole viwili.

"Vya nani?" Mpole akauliza.

 Nyuma ya pazia mama mmoja akaguna kwa uchungu, akaita jina la mama yake. Nikaona kifua cha mke wangu kinapanda. Nilijua pumzi ile. Hivyo ndivyo anavyovuta pumzi kabla ya kusema jambo ambalo hatalirudisha.

Nikamtangulia.

"Vya Kicheko," nikasema.

Wote wakanigeukia.

"Kicheko ni nani?" Mpole akauliza.

"Muuguzi wa hapa. Alichukua likizo jana jioni, amekwenda kumuuguza mama yake. Viatu ameviacha."

Mkubwa wa zamu alinitazama kama mtu aliyeniona nikitema mate mahali pa kulaza mtoto.

Mfupi akacheka. "Mbona unajua sana viatu vya mwanamke asiye wako?"

"Nilivipeleka kwa fundi mwenyewe. Mke wangu aliniomba nimsaidie mwenzake."

Nusu ya maneno hayo yalikuwa kweli, ndiyo maana yalitoka bila kukwama. Miaka minane ya kusoma maneno niliyopewa ilinifundisha kutokwama.

"Huyo mama yake anakaa wapi?"

Nikasema. Wasomaji, nilisema haraka sana. Nyumba ya pili baada ya mashine ya kusaga, geti la bati jekundu. Nyumba ile nimekula mezani kwake. Mama yule, mgonjwa hivyo hivyo, huwa ananiita mwanangu.

Mpole akaandika. Akamwambia Mfupi aweke viatu kwenye mfuko. Akamshukuru Mkubwa wa zamu, akawaomba radhi wauguzi kwa usumbufu. Kwangu akatikisa kichwa tu, kichwa cha mtu ambaye hajaamini lakini hana haraka.

Walipotoka nilitegemea mke wangu ataniangukia kifuani. Mwanamume ni kiumbe wa ajabu. Nilidhani nimemwokoa.

"Umemtaja nani?" akaniuliza, kama mtu ambaye hakuwepo.

"Nilikuwa sina njia."

"Kicheko ndiye aliyewapokea pacha wako. Wa pili alitoka hapumui, yeye akampulizia mdomoni mpaka akalia. Hukumbuki? Ulipiga magoti hapo hapo ulipo, ukambusu mikono."

"Wakimhoji atasema si yeye. Watamwachia."

"Jana wamemwachia nani?"



Akafungua fundo la aproni. Akaivua, akaikunja, akampa Mkubwa wa zamu. "Yule wa kitanda cha pili msimwache peke yake," akasema. "Mtoto amekaa vibaya." Kisha akaanza kutembea kuelekea mlangoni.

Nikamshika mkono. "Tuna watoto!"

"Na Kicheko ana mama. Niache."

"Mama Pacha, nakuomba. Nakuomba kwa jina la..."

"Unaniomba?" Akasimama. Macho yalikuwa makavu kabisa. "Saa saba ulikuwa unawaomba watu wote wa mji huu waseme nilipo. Wao wamekusikiliza. Mimi nisikusikilize kwa lipi?"

Akaung'oa mkono wake. Wajawazito pale kwenye benchi wakasogeza miguu kumpisha. Mmoja akainuka nusu, akaketi tena. Nikamfuata nyuma hatua tatu, kama mtu anayefuata jeneza la ndugu aliyegombana naye.

Gari lilikuwa bado getini, injini inanguruma. Mfupi alikuwa kwenye usukani, Mpole pembeni yake anaongea na simu. Mke wangu akagonga kioo cha mbele. Kikashuka.

"Sista," Mpole akasema, "umekumbuka kitu?"

"Nimekumbuka. Kicheko jana hakutoka humu ndani mchana kutwa, daftari la zamu lipo. Yule kwenye picha..."

Mpole akainua kiganja kumnyamazisha. Hakuwa anamtazama tena. Alikuwa anatazama kioo kidogo kilicho juu ya dereva, kile cha kuonea nyuma.

Nami nikachungulia nyuma, ndani ya gari.

Baba mkwe alikuwa amekaa kiti cha nyuma, wima, koti la sherehe limefungwa vifungo vyote. Wakati Mfupi alipotupa mfuko pembeni yake, mzee, kwa mazoea ya kukagua kila kitu, alikuwa ameufungua. Kiatu kimoja kilikuwa magotini pake. Alikuwa amekigeuza, anapapasa kile kiraka cheusi kwa kidole gumba, kwenda na kurudi.

Viatu vile mzee ndiye aliyevinunua, siku binti yake alipothibitishwa kazini. Nilikuwepo. Alimvalisha mwenyewe.

"Mzee," Mpole akasema bila kugeuka, kwa sauti ile ile ya chumba cha mgonjwa, "mbona kimya? Njia nzima ulikuwa unatupigia hadithi. Unavijua viatu hivyo?"

Baba mkwe akainua uso. Akamtazama binti yake kuanzia kichwani, akashuka hadi kwenye zile ndala nyeupe. Kisha akanitazama mimi, na nikaona amepata swali lile nililokuwa nalikimbia tangu nyumbani. Halikuhitaji kuulizwa. Jibu lake alishalisikia saa saba, akiwa amekaa kwenye kiti chake, akiisifu sauti yangu.

  Nilidhani atasema, kwa ile adabu yake: ndiyo, navijua.

"Wanangu," akasema. Neno hilo alilowaitia watu wa ng'ambo, sasa aliwaambia hawa wawili, taratibu, kwa sauti ya mzee niliyekuwa sijawahi kumsikia. "Kabla sijajibu. Huyo mtu mkimpata, mnampeleka wapi?"



Mfupi akazima injini. Akashuka, akazunguka gari bila haraka upande tuliosimama, akafungua mlango wa nyuma, akausogeza mfuko wa viatu kupisha nafasi ya mtu mmoja.